Chumba cha Nyeupe

Wewe umewahi kuona shuka nyeupe iliyoshinda siku moja tu katika vumbi la Voi? Siongei habari ya uchafu wa kawaida, ule wa jasho na mchuzi. Naongea habari ya udongo ule mwekundu kama pilipili iliyosagwa, unaopanda na upepo kutoka mbugani ukaingia hata pale dirisha lilipofungwa, na ukishapata kitambaa unakaa kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Na mzungu aliyetoka kwao kuja kutazama ndovu hataki kulala juu ya shuka nyekundu. Basi katika loji moja ya kando ya barabara ya mbugani, mwaka wa sabini na sita, aliyejua kuutoa udongo huo alikuwa mtu mmoja, naye alifanya kazi akiwa amejifungia mlango.

Mbithe alikuwa nje ya mlango huo. Alichuchumaa juu ya jiwe, karai mbele yake, akifua aproni za jikoni kwa magadi. Magadi yalikuwa yamemla ngozi ya vidole mpaka kucha zikawa laini kama za mtoto mchanga. Ndani alisikia kishindo, pu, pu, pu, kama mtu anayetwanga mahindi. Halafu kimya. Halafu maji. Halafu wimbo wa kanisani, na wimbo ulipanda kila maji yalipomwagwa, ili aliye nje asijue yamemwagwa mara ngapi.

Dirishani ilitundikwa leso kuukuu, upande wa ndani. Chumba hicho wote walikiita chumba cha nyeupe. Mwenyewe alikuwa Wakio, mama wa Kitaita kutoka Mwatate, mfupi, mkavu, mwenye kidevu kilichotangulia.

"Maji!" Wakio aliita.

Mbithe aliinuka, akajaza ndoo kwenye mfereji wa nje, akaiweka kizingitini. Mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono. Mkono ukatoka, ukaivuta ndoo, mlango ukafungwa.

"Asante, Mama," alisema Mbithe, ingawa aliyetoa maji ni yeye.

Alikuwa kibarua. Kila asubuhi alitoka chumba cha kupanga kule Kaloleni kukiwa bado na umande, akasimama langoni na wenzake, na meneja akatoka na kikombe chake cha chai akachagua: wewe, wewe, na wewe. Vibarua hawakupewa chumba kwenye laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi. Binti yake Mbula alikuwa Mtito Andei kwa bibi yake, na mara ya mwisho Mbithe alipokwenda kumwona, mtoto alimwamkia kama mgeni, akarudi kujificha nyuma ya bibi. Mbithe alijua jambo moja tu ambalo lingemrudisha mtoto yule: aandikwe kazi, apewe chumba cha laini. Na kufua aproni hakukumwandikisha mtu. Kilichomwandikisha mtu ni kujua nyeupe.

Kwa hiyo mwanzoni alifanya kazi kama mtu anayejenga nyumba yake mwenyewe. Alifika kabla ya lango kufunguliwa. Alipasua kuni za Wakio bila kuambiwa. Akiona pindo la shuka limefumuka, alilishona kwa uzi wake. Makaa ya pasi aliyachagua moja moja, yale yasiyorusha cheche, ili nguo isitobolewe. Jioni alikunja vitambaa vya meza pembe kwa pembe, akavipanga, akarudi nyuma hatua moja avitazame, akafurahi.

Asubuhi moja Wakio alimkuta anafagia mbele ya mlango. Alisimama kidogo, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Wewe, hebu nifungie. Mkono huu umekataa kupanda."

Mkono wa kulia haukupita bega. Mbithe akaweka ufagio chini, akamzungushia kitambaa, akafunga fundo nyuma, taratibu. Nywele za Wakio zilikuwa zimejaa mvi karibu na masikio.

"Ni nini kimeuumiza, Mama?"

"Kazi."

"Kazi gani? Kufua?"

Wakio aligeuka, akamtazama usoni kwa muda. Midomo yake ilifunguka. Halafu kule ofisini mtu akakohoa, na Wakio akachukua ufunguo wake uliofungwa pembeni mwa leso, akaingia, akafunga.

*

Meneja aliitwa Bwana Danson. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye tai hata siku za joto. Siku hiyo alikuja mpaka kwenye karai, kitu ambacho hakikuwa desturi yake, akagonga mlango wa nyeupe kwa kidole kimoja.

"Mama Wakio! Toka kidogo tuongee. Hapa sisi ni familia moja, si ndiyo?"

"Ndiyo, Bwana."

"Familia haina siri. Huyu msichana namwona anajituma. Mwonyeshe hii kazi yako. Kesho keshokutwa ukiugua, mimi nitawalaza wageni juu ya majani?"

"Siugui, Bwana."

"Mwonyeshe, Mama. Ni kwa faida yako. Utapata kupumzika."

Alipotamka neno kupumzika, Wakio aliinamisha kichwa, akatazama viatu vya meneja mpaka vikaondoka.

"Nipe basi vitambaa vya meza nijaribu," Mbithe alisema. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni. "Naanza na nini, Mama?"

Wakio alitazama karai.

"Maji ya moto," alisema. "Yachemke kabisa. Yakishachemka tia sabuni, tumbukiza, sugua kwa nguvu. Usiuonee udongo huruma."

Mbithe akafanya hivyo. Alichemsha, akatumbukiza, akasugua mpaka jasho likadondokea ndani ya karai. Na alipovitoa vile vitambaa akavikung'uta juani, vyote vilikuwa vya rangi ya waridi. Akarudia. Waridi likazidi kukolea. Udongo ulikuwa umepikwa ndani ya uzi kama chai ndani ya kikombe.

Bwana Danson hakupiga kelele. Aliwaita wafanyakazi wote uani, wa jikoni, wa vyumbani, wa bustanini, akachukua kitambaa kimoja, akamfunika Mbithe kichwani kama shela.

"Nawaombeni mwone elimu ya kibarua wetu," alisema. "Tembea, binti. Mpaka kwenye kamba na kurudi."

Mbithe akatembea.

"Haya, bibi harusi wa Tsavo!" Thadeus mpishi alipaza sauti. "Bwana harusi ni nyani gani?"

Watu wakacheka. Walicheka hata wale waliompenda, kwa sababu meneja alikuwa anacheka. Chini ya kitambaa Mbithe aliona miguu tu: raba za watunza bustani, viatu vya wahudumu, na ndara za Wakio zilizokatika kamba zikafungwa kwa kipande cha mkonge. Ndara hizo ndizo pekee zilizogeuzwa pembeni, zikitazama ukuta.

Angeweza kusema, "Nimefundishwa hivyo." Hakusema. Nani angemwamini? Na zaidi ya hilo, aibu iliyomchoma haikuwa ya vitambaa. Ilikuwa ya kuamini. Aliona haya kwa vile alivyochagua makaa moja moja, kwa uzi alioununua mwenyewe, kwa fundo alilolifunga taratibu nyuma ya kichwa cha yule mama.

*

"We, usimkasirikie sana," Musyimi alimwambia.

Musyimi ndiye aliyetunza jenereta na tangi la maji. Alikuwa Mkamba mwenzake, mtu wa makamo mwenye mafuta kwenye kila mkunjo wa mkono. Walikaa nyuma ya jikoni wakila sima na mboga.

"Alinidanganya, mwenzangu. Akaniangalia machoni."

"Na angekwambia ukweli, leo angekuwa wapi? Hujui habari ya Mable?"

"Mable ni nani?"

"Mable ndiye aliyekuwa chumba cha nyeupe. Wakio alikuja hapa kibarua kama wewe. Mable akaambiwa vilevile: mwonyeshe, sisi ni familia. Akamwonyesha kwa moyo mweupe. Wakio alipojua, Mable akaitwa ofisini akaambiwa akapumzike. Mshahara wake ulikuwa umeshapanda, wa Wakio ulikuwa chini. Kazi ni ileile." Musyimi alilamba kidole. "Wakio alipewa chumba cha Mable kwenye laini kabla godoro halijapoa."

Mbithe aliirudisha tonge ya sima sahanini.

"Kwa nini unafikiri Thadeus anapika akiwa ametugeuzia mgongo? Na mimi je?" Musyimi aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye kitambaa, akamwonyesha kama mtu anavyoonyesha hirizi. "Nikienda likizo nyumbani, hiki naenda nacho. Jenereta bila hiki ni sanduku. Wamwite fundi wa Mombasa, wamwite wa Nairobi. Mwisho watanitumia gari. Hapa, dada, kila mtu anakula kwa kile asichokisema."

"Na wanaotaka kujifunza?"

"Wanapewa maji ya moto," alisema Musyimi, akacheka, kisha akaona kwamba kicheko hakikufaa.

Tangu siku hiyo Mbithe alibadilika, si kwa kishindo. Alifika lango likishafunguliwa. Kuni za Wakio zilibaki magogo. Akiona pindo limefumuka alilikunja kwa ndani, likaenda hivyo hivyo kitandani kwa mgeni. Makaa aliyamwaga kwenye pasi yote kwa pamoja, na yakirusha cheche, yarushe. Jioni alikunja vitambaa bila kuvitazama. Akiulizwa jambo alijibu lile aliloulizwa, na neno la ziada hakulitoa. Hakuna aliyemkaripia. Kumbe ndivyo kazi ilivyofanywa na kila mtu pale. Kilichompa haya ni kwamba sasa alikuwa mmoja wao.

Wakio naye aliona. Mara moja alifungua mlango kidogo zaidi ya kawaida, akalitazama rundo la kuni zisizopasuliwa, akatoka akachukua shoka kwa mkono wa kushoto.

*

Ijumaa moja kulikuwa na kazi kubwa. Kundi la wageni lilikuwa linakuja Jumamosi, loji nzima, na mwenye loji kutoka Nairobi angekuwa pamoja nao. Shuka mpya zilikuwa zimeletwa, nzito, nyeupe kama nyama ya nazi, na zilikuwa zimeshapigwa vumbi ndani ya lori njiani. Wakio aliingia nazo asubuhi. Kishindo kikaanza, pu, pu, pu.

"Maji!"

Mbithe alifungua mfereji. Maji yalitoka, yakakohoa, yakasimama, yakatoka tena. Ndani ya ndoo, juani, aliona uzi mwembamba wa kahawia ukijizungusha kama moshi. Aliinamia. Aliingiza kidole na kukitoa. Pembeni mwa ukucha kulibaki ungaunga wa kutu.

Alijua ni nini. Kila aliyefanya kazi uani alijua tangi lile la chuma limeoza tumbo. Musyimi alikuwa ameshamwambia Bwana Danson, Mbithe akiwa papo hapo, na Bwana Danson alisema tangi lina miaka mingi ya kuishi kuliko Musyimi mwenyewe. Mbithe alijua pia jinsi chumba kile kilivyokuwa: leso dirishani, mlango umefungwa, mwanga wa kubahatisha. Mtu aliye ndani asingeona rangi ya maji. Na kutu ikishakutana na ile dawa ya kung'arisha ambayo Wakio alimalizia nayo, na ambayo harufu yake ilifika mpaka jikoni, haitoki tena. Hilo Mbithe alijifunza peke yake, kwenye aproni.

Alisimama na ndoo. Ilikuwa nzito na mpini ulimkata.

Neno lenyewe lilikuwa dogo. "Mama, tazama maji." Hata mtoto angelisema. Lilipanda, likafika kwenye meno, na hapo akaiona ile miguu yote uani, akasikia tena, haya, bibi harusi. Akaweka ndoo kizingitini.

"Maji yapo, Mama."

Mkono ukatoka, ukaivuta. Mlango ukafungwa. Wimbo ukapanda.

Alileta ndoo nyingine, na nyingine. Kila moja aliitazama. Kila moja aliiweka pale.

Mchana shuka zilitoka. Wakio alizibeba begani kwa mkono wa kushoto, akaitupa ya kwanza juu ya kamba, akainyoosha. Jua la Voi halifichi kitu. Shuka ilikuwa na madoa ya kahawia, madogo madogo, kama uso wa mtu mwenye tetekuwanga. Akatupa ya pili. Ya tatu. Alizitupa zote mpaka kamba zikajaa, kana kwamba kati yao ingepatikana moja ya kumtetea.

Bwana Danson alikuja na kikombe chake cha chai. Safari hii hakucheka.

"Ni nini hii, Mama Wakio?"

"Ni maji, Bwana. Maji yana kutu."

"Maji haya haya ndiyo ninayokunywa." Aliinua kikombe. "Nani mwingine ameona kutu? Musyimi! Tangi lina shida?"

Musyimi alikuwa mlangoni mwa chumba cha jenereta. Alijifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu, kidole kwa kidole.

"Mimi sijui sana mambo ya nguo, Bwana," alisema.

"Nimekuuliza tangi."

"Tangi liko, Bwana."

"Wewe, msichana. Wewe ndiye mchota maji. Uliona kutu?"

Wakio aligeuza kichwa. Hakumtazama meneja. Alimtazama Mbithe, kidevu mbele, macho yamefunguka wazi kama mlango ambao hajawahi kuufungua.

"Sikuangalia, Bwana," Mbithe alisema.

"Haya. Umesikia, Mama. Umezeeka, macho yameisha, nami nilikwambia uonyeshe mwenzako ukakataa, ukafanya kazi ya kampuni kuwa uganga wa nyumbani kwenu. Sasa kapumzike." Akamgeukia Mbithe. "Wewe umekaa na huyu mama muda wote huu. Lazima umeiba iba kitu. Chumba hiki ukifungue kesho."

"Nitaandikwa, Bwana?"

"Tutaona. Mambo ya kuandikwa hayana haraka. Na chumba cha laini kuna mtu wa ofisini alikuwa amekiomba. Ukishazoea nitakuletea msichana mwingine hapa umwonyeshe." Alikunywa chai. "Ingia utoe vitu vyake."

Ndivyo Mbithe alivyoingia chumba cha nyeupe kwa mara ya kwanza. Alidhani atakuta mtungi, dawa za kiganga, jambo la ajabu. Alikuta mapipa mawili, chupa ya ile dawa ya kung'arisha, chumvi ndani ya kopo, malimau yaliyokauka, na fimbo laini ya kupigia. Ukutani, usawa wa kifua, kulikuwa na ndoano ya chuma. Ilikuwa inang'aa kwa kutumika. Juu yake ilining'inia shuka moja iliyosahauliwa, upande mmoja umefungwa kwenye ndoano, upande wa pili umesokotwa kama kamba, na hakuna aliyeushika. Chini yake sakafu ilikuwa imelika, shimo dogo la nyayo mbili, pale ambapo mtu alisimama miaka yote akivuta.

*

Mbithe alimbebea sanduku mpaka barabarani. Hakuna aliyemtuma. Lilikuwa sanduku la bati, la kijani, lisilo zito. Wakio alitembea mbele. Walisimama kando ya lami kungoja basi la kuelekea Mwatate. Malori ya Mombasa yalipita, na kila lori lilipopita vumbi liliwafunika wote wawili, likatulia juu ya kitambaa cheupe alichojifunga Wakio. Fundo lilikuwa limelegea.

"Usitie maji kwanza," Wakio alisema ghafla.

"Ati nini, Mama?"

"Ianike kavu. Ipige, vumbi litoke likiwa vumbi. Ukilitia maji kabla, umeshafanya tope. Halafu maji baridi, bila sabuni, uiache tu. Udongo huu hautaki ugomvi, utashuka wenyewe. Penye doa, chumvi na limau. Sabuni na dawa ya kung'arisha baadaye. Maji ya moto ni ya mwisho kabisa." Alisema kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo. "Ni hayo tu. Hakuna uganga."

Mbithe alitaka kusema. *Niliiona kutu. Nilisimama na ndoo nikaiona.* Yalimjaa mdomoni yote, na mdomo haukufunguka. Alilegeza mikono kwenye sanduku, akalishika tena.

"Mama, ile ndoano..." alisema badala yake.

Basi lilionekana mbali, likipepesuka katika joto. Wakio alinyoosha mkono wa kushoto kulisimamisha. Wa kulia ulibaki umening'inia.

"Shuka nzito haikamuliwi na mtu mmoja," alisema. "Mable alikuwa akinishikia. Alipokwenda, nikapigilia ile ndoano. Kila siku nakusikia hapo nje, unafagia, unapasua kuni, mikono yako mizima, nami nimejifungia na chuma." Basi lilikuwa limefika, utingo ameshalichukua sanduku kutoka mikononi mwa Mbithe. Wakio alikanyaga ngazi, akageuka, vumbi jekundu kwenye kope zake.

"Nilikuwa nataka mtu wa kunishikia upande wa pili, mwanangu. Basi."